Siku Walipopika Chini ya Beleshi

Shati la mjukuu wangu Sammy limetundikwa kwenye kamba nyuma ya jikoni, na ingawa nimelifua kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikakunjamana, bado linanuka grisi. Amepata kazi kwenye barabara ya kwenda Witu. Anaendesha trekta lenye beleshi mbele, lile linalochota mchanga na kuuinua juu kama mtu anayeinua bakuli la uji. Amefurahi, nami nimefurahi kwa ajili yake. Lakini tangu aanze kazi hiyo, jua likiinama natoka nje, naketi kwenye kiti changu, macho njiani. Mtu akiniuliza nafanya nini, nasema napunga upepo. Upepo gani Garsen mwezi huu? Nangoja kumwona akija kwa miguu yake miwili.

Harufu hii ndiyo iliyokuwa ikimtangulia baba yangu nyumbani. Kabla hatujamwona, kabla hajakohoa mlangoni, grisi ilikuwa imeshaingia, pamoja na jasho na matope ya mpunga yaliyokauka kwenye suruali. Mama yangu, Hamaro, alikuwa akisema, "Baba yenu amefika, nimeshamnusa." Hapo ndipo moyo wangu uliporudi mahali pake, maana mchana kutwa ulikuwa umekaa kooni.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa kando ya mto mnajua, baba zetu wengi walikuwa na jembe na mtumbwi, basi. Baba yangu, Komora, alikuwa na jembe na mtumbwi kama wao, lakini alikuwa pia na trekta la mradi wa mpunga, kule chini ya Garsen, ambako maji ya Tana hutawanyika yakasahau kwamba ni mto. Lilikuwa trekta jekundu lililopauka. Mbele lilikuwa na mikono miwili ya chuma, na mwisho wa mikono hiyo beleshi pana ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani yake akajikunja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matuta: kuchota udongo hapa, kuumwaga pale, ili mto usiingie mashambani kabla haujaitwa.

Mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana. Shuleni niliingia nikatoka, kwa hiyo nafasi ya kuketi kwenye tuta na kumtazama baba nilikuwa nayo. Na nilichokiona kilinitia hofu.

Asubuhi, kabla ya kupanda, alilizunguka trekta lote. Hakulizunguka kama mtu anayekagua mali yake. Alilizunguka kama mtu anayepita karibu na kiboko aliyelala. Aliinama akachungulia chini. Alizitikisa pini za kwenye viungo vya mikono, moja baada ya nyingine. Kisha alichukua bomba la grisi, akalisukuma kwenye kila kiungo mpaka grisi kuukuu, nyeusi, ikatoka pembeni, akaifuta kwa kitambaa. Mimi nilidhani analilisha ili lishibe, lisiwe na njaa naye.

Mipira ya mafuta, ile myeusi inayokwenda mpaka kwenye mikono, hakuipapasa kwa kidole injini ikiwaka. Alikata kipande cha kartoni, akakipitisha polepole kandokando yake, halafu akakitazama kipande kile kama kimelowa. Nikamwuliza kwa nini hatumii mkono. Akasema, "Mpira ukitoboka hapo tundu la sindano tu, mafuta yanaingia ndani ya nyama ya mtu kabla hajasikia uchungu." Baada ya hapo nilikaa siku nyingi sishiki hata mpira wa baiskeli.

Udongo aliubeba chini, beleshi likikaribia kugusa ardhi, na alikwenda mwendo wa ng'ombe wajawazito. Hakumpakia mtu, hata alie. Akitaka kufanya kazi chini ya mikono ile, kwanza aliiinua mpaka juu kabisa, akafungua sanduku la vyombo, akatoa gongo zito la chuma na kulifunga kwenye nguzo inayosukuma mkono, ili mkono usiweze kushuka hata ukitaka. Na jioni alilaza beleshi chini kabisa, akazima injini, halafu, injini ikiwa kimya, akavisukuma vile vishikio vya kuinulia na kushushia mikono, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka chuma kikatoa pumzi. Nilifikiri wanaagana.

Watoto wenzangu walinicheka. Jillo, mtoto wa jirani yetu Haluwa, ndiye aliyekuwa mkali wa ulimi.

"Baba yako anaogopa chuma!"

"Haogopi."

"Anaogopa! Mbona Kazungu haogopi?"

Kazungu aliendesha trekta la majembe la mradi huohuo. Alikuwa Mgiriama aliyekuja na wenzake kufungua mashamba huku kwetu, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa. Ukimkuta anakula, nawe umekula. Siku baba alipokuwa na homa, Kazungu ndiye aliyeshika trekta la beleshi. Alilikimbiza huku beleshi liko juu mbinguni, anaimba, nasi watoto tunamfuata tukipiga vigelegele. Mimi nilipiga vigelegele pia, lakini vyangu vilikuwa na woga ndani, kwa sababu nilikuwa na jambo nililolisikia.

Nililisikia jioni moja, nikichambua mchele karibu na jiko. Mama alimwuliza baba kwa nini anachelewa kila siku wakati wenzake wameshaoga.

"Ni kulilaza," baba alisema. "Siwezi kuondoka beleshi liko juu."

"Kwani likikaa juu litafanya nini?"

"Kitu kilichoinuliwa, mama watoto, hakijapumzika. Kinangoja."

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mtu aliyemfundisha baba kazi, mzee mmoja aliyeitwa Abio, alifia chini ya beleshi kama lile, akibadilisha mpira wa mafuta. Lakini wakati ule sikujua. Nilisikia neno moja tu: linangoja. Na kwetu, mnajua, ilikuwa ikisemwa kwamba mamba hamchukui yeyote tu. Mamba ana mtu wake, aliyetumwa kwake. Wengine wote wataoga pale mtoni mwaka mzima na hatawagusa. Basi katika akili yangu ya kitoto mambo yalijipanga sawasawa. Trekta linangoja, na linamngoja baba. Ndiyo maana yeye peke yake ndiye anayelizunguka, anayelilisha, anayelilaza. Kazungu haogopi kwa sababu halimtaki Kazungu.

Tangu hapo chakula cha mchana nilikipeleka mapema na nilirudi nimechelewa, na mama akanigombeza nikanyamaza. Ningemwambiaje? Jambo la namna hiyo ukilitamka unaliita.

Msimu ule mvua za juu, huko mto unakotoka, zilikuwa nyingi. Huku kwetu jua linawaka, lakini mto unabadilika rangi, unakuja na migomba mizima, na paa la nyumba ya mtu usiyemjua. Wazee wakaanza kupima maji kwa vijiti. Asubuhi moja habari ikaja kwamba tuta limeanza kuliwa huko juu, na Mzee Bonaya, msimamizi wa mradi, akamchukua baba kwa mtumbwi waende kupaangalia. Baba aliliacha trekta juu ya tuta kubwa, mahali pa juu kuliko pote kijijini, beleshi limelala chini, gongo limefungiwa kwenye sanduku, ufunguo wa sanduku mfukoni.

Nilifurahi kwamba ameondoka. Huko mtoni kulikuwa na mamba na kulikuwa na mkondo, lakini hakukuwa na trekta.

Hawajafika mbali, maji yakaingia kijijini. Hayakuja kwa kishindo, yalikuja taratibu kama mgeni anayejua nyumba: yakapita vibandani, yakazima majiko, yakatoka upande wa pili. Watu wakapanda tuta na walichoweza kubeba. Na kitu cha kwanza kubebwa kilikuwa mbegu. Mpunga wa kula ukilowa utakula ugali. Mpunga wa mbegu ukilowa umelowa mwaka.

Kwa kawaida mbegu tungezipandisha dunguni. Dungu ni kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, mahali pa kuchungia ndege. Mafuriko yakija, juu yake hukaa mbegu, kuku na watoto wadogo, na chini yake, ikiwa maji hayajafika, wanawake huwasha moto na kupika, kwa sababu pale hapanyeshi. Tumezaliwa tukifanya hivyo. Lakini madungu yalikuwa mashambani, na mashamba yalikuwa majini.

Kadzo, mke wa Kazungu, ndiye aliyelitazama trekta kwanza. Alikuwa na gunia kichwani na mtoto wao Dama mgongoni.

"Baba Dama, hebu liinue hilo dude. Si dungu hilo? Dungu la chuma!"

"Ni la Komora hilo, si langu," Kazungu akasema.

"Komora yuko mtoni anaamkia samaki. Mbegu zinalowa, mwanamume wewe!"

Funguo za matrekta yale zilifanana zote. Kazungu akapanda. Wakajaza magunia kwenye beleshi, akaliinua pole, wanawake wakashangilia, kisha wakampandisha Dama na ndugu yangu mdogo Buya juu ya magunia, mahali pakavu. Kazungu akazima injini, akakimbia kuwasaidia wazee na mbuzi zao. Alifanya kwa wema. Nasema hivyo kwa sababu wapo waliosema vingine.

Mvua nayo ikaanza. Basi wakafanya yale yanayofanywa chini ya dungu. Haluwa alikuja na turubai, wakalitandaza juu ya mikono ya trekta, na kamba zake wakazifunga kwenye chochote kilichochomoza. Mawe matatu, vifuu vya nazi, chungu cha ndizi na kambare. Bibi yangu Hadulu, mamake mama, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu kiangazi, wakamketisha ndani kabisa, karibu na moto.

Mama alisita pale nje. "Komora hapendi mtu akae hapa."

"Komora!" Haluwa akacheka. "Komora angepata nafasi angelitandikia trekta mkeka, akalifunika na leso."

Wakacheka wote, hata bibi. Mvua ikazidi, na mama akaingia.

Mimi nilibaki nje, nimejifunika gunia. Nilikuwa nimekizoea chuma kile kwa kukitazama, kwa hiyo niliona mambo ambayo wao, wakishughulika na chungu, hawakuyaona. Niliona mafuta yakitiririka kwenye mpira mmoja, yakikusanyika, yakidondoka tone kwenye moto: chwaa. Na nilimwona Kadzo. Mwanzoni aliingia na kutoka bila kuinama. Baadaye nikaona anainama kidogo. Halafu anainama zaidi, na yeye mwenyewe hakujua kwamba anainama.

Linashuka, nikasema moyoni. Linashuka kumtafuta baba.

Mnielewe vizuri. Sikumwogopea mama. Sikumwogopea bibi wala Haluwa, na Haluwa alikuwa na mimba kubwa. Wao hawakuwa watu wake. Niliwaona wameketi pale na roho yangu ikatulia juu yao kama inavyotulia ukiwaona watu wanaoga mahali penye mamba wa mtu mwingine. Nilichoogopa ni kimoja tu: kwamba baba atarudi, na litamkuta.

Hata hivyo nilijaribu. "Mama, toka hapo. Linangoja."

"Linangoja nini?"

"Linamngoja baba."

"Basi baba hayupo," Kadzo akadakia, akikoroga. "Litamngoja mpaka ndizi ziive."

Nikaondoka, nikashuka mpaka pale mitumbwi ilipokuwa ikifungwa, nikasimama kwenye matope. Sijui nilisimama muda gani. Mara nikauona mtumbwi unatoka kwenye matete, Mzee Bonaya mbele na baba nyuma ameshika upondo wa kuusukumia, nami nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Baba, usije! Rudi! Rudi huko!"

"Huyu mtoto ana nini?" Mzee Bonaya akauliza.

"Limeshuka! Linakungoja! Baba, usipande huku!"

Baba akainua macho kutazama tuta. Sijaona tena uso wa mtu ukibadilika vile. Nilitarajia ageuze mtumbwi. Badala yake aliusukuma mara moja, akaruka ndani ya maji, akapanda, mimi na Mzee Bonaya nyuma yake. Lakini alipofika juu hakukimbia. Alitembea polepole, mikono imelegea, kama mtu anayetoka shambani hana haraka.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini hakupiga kelele. Kamba moja ya turubai ilikuwa imefungwa kwenye kishikio, kilekile cha kuinua na kushusha. Turubai lilikuwa limejaa maji ya mvua katikati, kamba imekaza kama mshipa. Wanawake wakishtuka na kutoka kwa pamoja, mmoja akajikwaa kwenye turubai, kishikio kitasukumwa, na beleshi lenye magunia na watoto wawili litashuka lote. Kuifungua kamba hakukuwezekana, ukiigusa umegusa kishikio. Na gongo lake la chuma lilikuwa halifai kitu: mikono ilikuwa imeshashuka chini ya mahali gongo linapokaa.

Alisimama hatua chache mbali, akaita kwa sauti ya kawaida.

"Kadzo."

"Ee! Umerudi? Samaki hawajambo?"

"Njoo unishikie mtumbwi, maji yanauvuta."

"Mwite Kazungu, mimi niko na chungu."

"Nimekuita wewe, Kadzo. Inama utoke. Kamba usiishike."

Akatoka akinung'unika, akapita. Baba hata hakumtazama.

"Haluwa."

"Labeka."

"Jillo wako ameanguka matopeni huko, analia."

Ulikuwa uongo, wa kwanza niliowahi kumsikia baba akiusema. Jillo alikuwa nyuma yangu anakula muwa. Haluwa akatoka, mkono kiunoni, tumbo mbele, bega lake likapita shibiri moja tu na turubai. Nilimwona baba akifumba macho.

"Mama Buya."

Mama alikuwa ameijua sauti ile. Alitoka kwa magoti, kimya, akaja mpaka alipo baba, ndipo akageuka akatazama, akaweka mkono mdomoni. Ndani alikuwa amebaki bibi Hadulu.

Hapa niwaeleze vijana, wazee mtanisamehe. Mtu na mama mkwe wake hawakuwa watu wa kuongea uso kwa uso. Baba hakuwahi kulitamka jina la bibi. Wakikutana njiani, yeye aliingia porini mpaka apite. Akiwa na neno kwake, alinituma mimi hata kama wamesimama pande mbili za ua mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake.

"Mwambie bibi yako atoke," baba akaniambia.

"Bibi, baba anasema utoke."

"Mwambie baba yako, mguu wangu na mvua hii hawapatani. Tena ndizi hazijaiva."

"Mwambie kuna hatari."

"Bibi, anasema kuna hatari."

"Hatari ni yeye! Mwambie anayeogopa chuma akae hukohuko na chuma chake. Mimi nina moto hapa."

"Mama, toka!" mama akalia, akataka kuingia. Baba akamshika mkono akamrudisha nyuma. Tone la mafuta likadondoka: chwaa. Bibi akainua kichwa, na kitambaa chake kikagusa chuma. Akakisukuma tu na mkono, kama mtu anayesukuma tawi.

Baba akavua kofia yake, akampa mama. Akainama, akaingia.

Nililia kwa sauti ambayo nadhani hata ng'ambo ya mto waliisikia. Nilijua sasa. Kumbe lilikuwa limewakusanya wale wote wamwite. Nilitaka kumfuata, na Mzee Bonaya akanibana kwapani, nikamwuma, na hakuniachia.

Baba alikwenda kwa magoti na viwiko. Alimshika bibi kwapani na chini ya magoti, akamvuta kama unavyomvuta ndama aliyekwama topeni, na bibi akapiga yowe.

"Komora! Unanishika! Jamani, mkwe ananishika! Enyi watu wa Mungu!"

Alikuwa na mwiko mkononi, akampiga nao kichwani, mgongoni, popote. Baba alirudi kinyumenyume, taratibu, mgongo chini, kila mara akitazama kamba. Kisha miguu yake ikaonekana, kisha mgongo, kisha bibi mzima, na mama akampokea.

Hakupumzika. Kazungu alikuwa amefika mbio, uso umemkauka. Baba akamwambia aingize upondo kutoka mbali, auvute moto wote nje, halafu kwa ncha ya upondo ainue turubai polepole, maji yamwagikie upande wa pili. Kamba ikalegea. Baba akaikata kwa kisu. Akapanda kutoka ubavuni, akaweka mkono kwenye kishikio, akawaita watoto walioko juu.

"Buya. Dama. Laleni juu ya magunia. Tunacheza kulala. Atakayeamka ameshindwa."

Na akaanza kulishusha. Alilishusha kama unavyomlaza mtoto aliyeshikwa na usingizi, kidogo, anasubiri, kidogo tena. Lilipofika usawa wa goti, ule mpira uliokuwa ukichomwa na moto ukapasuka. Sikusikia kishindo, ninachokumbuka ni ardhi kuruka chini ya miguu yangu. Mafuta yakaruka yakachora mstari kwenye mvua. Beleshi lilikuwa chini.

Buya akaanza kulia. Dama alikuwa anacheka. "Tena!" akasema. "Tena!"

Kadzo alimtoa mtoto wake akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kazungu aliketi kwenye matope, akashika kichwa. "Komora, ndugu yangu," akasema, "Komora, mimi..."

"Uliwasaidia," baba akasema. "Mimi ndiye niliyefungia gongo na sikukuonyesha linavyowekwa."

Bibi Hadulu alikuwa ametazama mahali alipokuwa ameketi. Chini ya ukingo wa beleshi palionekana vigae na rojo ya ndizi. Alitazama muda mrefu, mwiko bado mkononi.

"Chungu changu," akasema.

Jioni ile tulikaa kwenye tuta, maji kila upande, na baba akaja kuketi karibu nami. Alikuwa na uvimbe juu ya jicho, wa mwiko. Nikamwuliza jambo nililokuwa nalo.

"Lilikukosa?"

"Nini kilinikosa?"

"Trekta. Si lilikuwa linakungoja wewe?"

Hakucheka. Aliniuliza nani alisema, nikamwambia ni yeye, alimwambia mama. Alijifuta vidole kwa majani. "Mwanangu," akasema, "mamba ndiye watu wanasema ana mtu wake. Chuma hakina mtu wake. Kingemchukua bibi yako na mama yako, na kisingejua kimemchukua nani. Kesho kingeamka kifanye kazi."

Nadhani alitaka kunipa faraja. Lakini mpaka siku ile woga wangu ulikuwa na mtu mmoja ndani yake, na ningeweza kumlinda mtu mmoja. Kuanzia pale waliingia wote. Hata leo, nikiwa arusini au kanisani au pale stendi ya mabasi, watu wakikusanyika chini ya kitu chochote, nawaita mmojammoja kimoyomoyo, kwa jina, kama alivyowaita yeye. Watoto wangu husema nimejaliwa kukumbuka majina. Nawaacha waseme hivyo.

Kwa kumshika mama mkwe, baba alitakiwa kuomba radhi. Wazee walikaa, wakasema alichofanya kilikuwa cha lazima na pia kilikuwa aibu, na mambo hayo mawili hayafutani. Akatoa mbuzi, nguo na chungu kipya. Mimi ndiye niliyevipeleka. Bibi alivipokea vyote, akakigonga chungu kwa ukucha, akasema ni chembamba.

Hakumsamehe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alimwona mtoto wa Haluwa akizaliwa, akamwona akioa. Na kila penye watu, mazishini, mavunoni, akitembelewa na wageni, alikuwa akisimulia kwa sauti ya juu habari za mkwe asiye na haya aliyemkamata kwapani mbele ya kijiji kizima. Jioni sauti yake ilivuka ua ikatufikia, na mama akiona haya alitaka kwenda kumnyamazisha.

"Mwache," baba alikuwa akisema. "Mwache aseme." Naye aliacha alichokuwa akifanya, mikono yake ina grisi, akasikiliza mpaka mwisho, tusi kwa tusi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikia mvua ikianza kunyesha shambani kwake na yeye ameshapanda.